Msifungue Giaboksi Kabla ya Kujua Ugonjwa

Na Karani wa Kilimo, Lodwar

Huenda msomaji akauliza: karani wa ofisi ya kilimo na giaboksi ya pikapu, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Mimi nilisomea ualimu, na kazi yangu hapa Lodwar ni kuandika barua na kutunza madaftari, si kulala chini ya magari. Lakini mbuzi hawafiki sokoni kwa barua. Katika nchi yetu ya Turkana pikapu kuukuu ndiyo jembe la vikundi vingi. Hubeba mbuzi, ngozi, maji, dawa za mifugo, na mahindi ya mashamba ya mto Turkwel. Ikilala pikapu, kikundi kizima hulala. Kwa hiyo habari za gari ni habari za kilimo.

Maoni yangu ni haya: mwenye gari asikubali giaboksi ifunguliwe mpaka yeye mwenyewe ameona majaribio machache yasiyogharimu hata senti moja. Mfugaji hachinji ngamia ili ajue anaumwa nini. Humtazama macho, husikiliza pumzi zake, huangalia anavyotembea, huuliza jana alikula wapi. Mbona kwa gari, lenye bei ya ngamia wengi, twaanza na kisu?

Jambo hili nimejifunza kwa aibu. Mwaka juzi nilikuwa mwandishi wa kikundi cha wafugaji chenye pikapu inayosafiri kati ya Lodwar na Kakuma, mwendo wa kilomita kama 120. Gia zikaanza kukataa kuingia. Ya kwanza na ya kurudi nyuma zililia kama mawe ndani ya debe. Fundi mmoja alisikiliza kidogo, akasema giaboksi imekwisha. Tukakutana chini ya mti, tukasemezana, nami kwa mkono wangu nikaandika katika daftari, "Imekubaliwa." Wakauzwa mbuzi 14, ikanunuliwa giaboksi iliyokwisha tumika, ikafungwa. Gari lilipowashwa, gia zikakataa vile vile.

Katika mbuzi wale, watatu walikuwa wa mama mjane aliyewaweka kwa ajili ya karo ya mtoto wake. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, wewe uliyesoma, hukumwuliza fundi amejuaje?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Baadaye alikuja mzee mmoja aliyeendesha malori miaka mingi katika njia ya Kitale. Hakushika spana. Alisema, "Zima injini. Sasa tia gia." Gia zote zikaingia kama kisu katika siagi. "Washa injini, ujaribu tena." Zikakataa. Akainama chini ya gari, akafunua kipira cha silinda ndogo ya klachi iliyo ubavuni mwa giaboksi, na mafuta yakadondoka. Ugonjwa wote ulikuwa kipira kilicholika ndani ya silinda ile, na bei yake haikuzidi ya kuku mmoja.

Basi nawaandikia majaribio niliyojifunza tangu siku ile, ili karani mwingine asiandike "Imekubaliwa" kwa upofu.

Kwanza, fanyeni kama mzee yule. Gia zikiingia vizuri injini imezimwa, na kukataa inapowaka, msiishtaki giaboksi. Klachi haiachi. Tazameni kikopo cha mafuta ya klachi kama kimepungua, na silinda zake mbili kama zina unyevu. Ikiwa gari ni la waya, tazameni kama waya umelegea.

Pili, sikilizeni. Gari lisimame, gia zikiwa huru na injini inanguruma. Kelele ikisikika mguu ukiwa mbali na klachi, kisha ikatoweka ukikanyaga, shukuni beringi ya shafti inayoingia katika giaboksi. Ikianza pale tu unapokanyaga, shukuni beringi ya klachi. Hizo ni kazi mbili mbali, na gharama mbili mbali.

Tatu, ikiwa injini hupiga mbio lakini gari haliongezi mwendo, simameni mahali tambarare pasipo mtu mbele wala nyuma. Vuteni breki ya mkono sawasawa, tieni gia ya tatu, kisha achieni klachi polepole. Injini ikizimika mara, klachi yashika. Ikiendelea kunguruma na gari limesimama, sahani ya klachi imekwisha au ina mafuta. Jaribio hili lisirudiwe ovyo, maana lenyewe huunguza klachi.

Nne, ikilia gia moja tu, kwa kawaida ya pili, na nyingine ni nzima, hapo kweli ugonjwa uko ndani. Magari ya zamani sana yalimlazimu dereva kulinganisha mwendo wa gia kwa ufundi wa miguu. Mwaka 1928 magari ya Cadillac ya Marekani yalianza kuwa na kifaa cha kulinganisha mwendo huo chenyewe, ambacho mafundi hukiita sinkronaiza. Katika magari mengi yaliyofuata kazi hiyo hufanywa na pete za shaba. Pete ikilika, gia hulia. Kanyageni klachi, tieni gia huru, achieni klachi, kisha kanyageni tena ndipo mtie gia. Mkiteremka gia, pigeni eksela kidogo katikati. Ikiingia kimya, ugonjwa ni pete. Na kwa ufundi huo huo pikapu yaweza kufanya kazi muda mrefu mkikusanya fedha bila haraka, wala hapana haja ya kuuza mbuzi wakati wa kiangazi, bei ikiwa chini.

Tano, gia ikiruka yenyewe, anzeni nje: nati zilizolegea, mipira inayobeba injini na giaboksi, na vikombe vya mkono wa gia. Hivyo vyote vikiwa vizima, sasa fundi afungue.

Mwisho ni oili. Fungueni nati ya ubavuni, gari likiwa sawa na limezimwa. Kwa magari mengi oili yatakiwa ifike ukingo wa tundu. Ikimwagwa, ukungu laini wa kijivu katika sumaku ya nati ya chini si ajabu, lakini vipande vya chuma ni hatari. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, pengine siku ile mlipovuka laga imejaa. Tena msitie oili yo yote ya dukani. Someni maandishi ya kopo. Giaboksi nyingi kuukuu zenye pete za shaba hutaka GL-4. GL-5 hufaa difu, na dawa zake za salfa zaweza kula shaba. Kitabu cha gari ndicho hakimu.

Tukubali pia makosa yetu. Lami ya Kakuma imetudanganya. Mara tuiachapo, twaingia mchanga wa laga na mzigo wa kupita kiasi, na dereva hukaa na mguu juu ya klachi mpaka inuke. Afadhali kupunguza upepo wa magurudumu mchangani, na kuujaza tena kabla ya kurudi barabarani.

Siwalaumu mafundi. Wako hodari Lodwar, na kambini Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, vijana wengi wamesomea umakanika. Fundi hodari hachukii kuulizwa, "Umejuaje?" Achukiaye swali hilo, mpiteni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nashauri kila kikundi kiandike tarehe ya oili, kelele ilipoanza, na jaribio lililofanywa, kabla mbuzi hata mmoja hajatoka zizini. Katika daftari letu nimeandika juu ya ukurasa wa kwanza swali la mama yule, na bado namdai nafsi yangu mbuzi wake watatu. Mmoja nimekwisha mrudishia.