SODA YA MCHANA NA KODI YAKE



Tangu toleo lililopita tumepokea barua nyingi, na baadhi yake ni kali. Mmoja wa karakana atuuliza kama chama kimenunuliwa. Mwingine wa genge la njia asema mhariri ashike mambo ya mishahara na aache chupa za watu. Ghadhabu yote hii yatokana na mistari minne tuliyoandika, kwamba kodi ya vinywaji vya sukari si jambo la kutupwa kabla ya kuchunguzwa. Mistari minne haikutosha, twakubali. Basi leo twaeleza kwa kirefu, na asiyekubali na aandike tena.

Hasira hiyo ina haki yake. Mfanya kazi wa Kenya hakujifunza habari za kodi vitabuni. Babu zetu walitozwa kodi ya kibanda tangu mwanzo wa karne iliyopita, na kodi ile haikutafuta fedha tu, ilikuwa fimbo ya kuwatoa watu mashambani mwao wakatafute kazi ya mshahara. Wengi walioingia reli siku zile waliingia kwa sababu hiyo. Leo nasi mshahara wetu hukatwa mara tatu nne kabla haujafika mkononi. Mwaka 2024 bajeti ilitaka kutia kodi ya asilimia 16 katika mkate, vijana wakajaa barabarani mwezi wa Juni, wengine wakapoteza maisha yao, na mswada ule ukaondolewa. Mtu wa namna hiyo akiambiwa sasa kwamba soda yake itozwe zaidi kwa faida ya afya yake, lazima acheke. Sisi pia tulicheka.

Lakini tuna ndugu yetu mmoja, fundi wa mabehewa, ambaye hatutaji jina lake. Wengi wenu mlitoa mchango wake. Kwa miaka mingi chakula chake cha mchana kilikuwa nusu ya mkate na soda kubwa, kwa sababu muda wa kula ni mfupi, na vyakula vya moto viko ng'ambo ya lango. Alianza kunenepa, tukamtania kwamba amepata cheo. Kisha kiu isiyokwisha, akazidi kunywa soda kuikata ile kiu. Kidonda kidogo cha kidole hakikupona. Mguu ulikatwa chini ya goti, na leo yuko kwao nyumbani kabla ya umri wa kustaafu. Hatusemi soda ndiyo iliyomkata mguu, daktari hakusema hivyo na sisi si madaktari. Twasema tulikaa naye kila siku, tukaona, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba jambo lile ni la chama.

Tufanye hesabu kidogo. Soda ya kawaida ya chupa ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, yaani vijiko vinane vya chai. Ile ya nusu lita yafika vijiko kumi na vitatu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima wa chakula cha kawaida asizidishe kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na afadhali nusu yake. Kwa hiyo mwenye chupa ya nusu lita amekwisha maliza sehemu yake ya siku saa saba mchana, kabla ya chai ya jioni. Na ubaya wa sukari ya kunywa ni kwamba haishibishi. Ukila mahindi na maharagwe tumbo lajua limepata kitu. Ukinywa soda, baada ya saa moja una njaa ile ile, na ile sukari imekwisha ingia mwilini ikageuka mafuta.

Zamani mtu aliyepiga kokoto kwa sururu toka asubuhi hata jioni aliweza kuichoma sukari yote hiyo. Siku hizi wengi wetu twakaa, dereva akaa, wa ishara akaa, karani ndiye hasimami kabisa. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika watu wazima wa Kenya asilimia 27 walikuwa wamezidi uzito au wanene sana, na kwa wanawake ilikuwa karibu asilimia 39. Kwa hiyo wanaodhani unene ni ugonjwa wa matajiri peke yao wanakosea. Kitambi kimeshuka kutoka ofisini kikafika landi.

Sasa habari za nchi nyingine, maana hatukuwa wa kwanza kuligombania jambo hili.

Meksiko watu wake ni wanywaji wakubwa sana wa soda. Tangu tarehe 1 Januari mwaka 2014 walitoza peso moja kwa kila lita. Wataalamu waliochunguza walikuta kwamba mwaka ule ununuzi wa vinywaji vilivyotozwa ulipungua kama asilimia 6, na katika nyumba za watu maskini kama asilimia 9. Hapo pana makali mawili. Mwenye barua kali atasema, mwaona, maskini ndiye aliyeumizwa. Ni kweli maskini ndiye aliyebadili zaidi. Lakini aliyebadili kinywaji hakulipa kodi ile, na ugonjwa wa sukari vilevile humwumiza maskini zaidi, kwa kuwa tajiri anapima damu yake mapema na dawa zake ziko kabatini.

Uingereza walifanya kwa akili nyingine, na hii ndiyo iliyotupendeza. Walitangaza mwaka 2016 kwamba kodi itaanza Aprili 2018, na wakaipanga kwa kiasi cha sukari. Kinywaji chenye gramu 5 au zaidi katika mililita 100 kililipa peni 18 kwa lita, chenye gramu 8 au zaidi kililipa peni 24, na chenye sukari chini ya gramu 5 hakikulipa kitu. Nini kilitokea? Wenye viwanda hawakungoja. Katika ile miaka miwili zaidi ya nusu yao walipunguza sukari katika chupa zao, na kutoka 2015 hata 2019 sukari katika vinywaji vilivyohusika ilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Yaani mfanya kazi alikwenda dukani kama kawaida yake, akanunua chupa yake kama kawaida, na ndani yake sukari ilikuwa imepungua. Mzigo ulimwangukia mwenye kiwanda. Kodi ya namna hiyo sisi hatujapata kuiona mara nyingi!

Tusifiche upande wa pili. Kuhusu unene wenyewe, utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2023 uliona kwamba unene wa wasichana wa miaka 10 na 11 ulipungua kama asilimia 8 kuliko ambavyo ungekuwa bila kodi ile, lakini kwa wavulana hawakuona badiliko. Na huko Marekani, mji wa Philadelphia ulipoanza kutoza Januari 2017, chama cha madereva cha Teamsters kilipigana na kodi hiyo kwa nguvu kwa sababu wanachama wake ndio wanaochukua soda kwa malori. Hao ni wafanya kazi kama sisi na hoja yao si ya upuuzi. Katika Cook County, wilaya ya mji wa Chicago, kodi ilianza Agosti 2017, watu wakapiga kelele, na ikafutwa ikaisha tarehe 1 Desemba mwaka ule ule. Serikali inayoweka kodi bila kuwaeleza watu fedha zinakwenda wapi yaweza kutazama huko.

Afrika Kusini nao walianza Aprili 2018, na wao huhesabu kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 za kwanza katika mililita 100. Wakulima wa miwa wa huko walilalamika sana, wakasema kazi zinapotea. Jambo hilo lilijadiliwa katika baraza ambamo serikali, matajiri na vyama vya wafanya kazi hukaa pamoja, kabla sheria haijapita. Angalieni neno hilo, kabla.

Je, hapa kwetu? Wengi hawajui kwamba soda yatozwa ushuru tayari. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ilitia maji ya chupa na soda katika mstari mmoja, kila lita ushuru ule ule. Someni tena. Maji matupu, yasiyo na hata punje moja ya sukari, na chupa yenye vijiko kumi na vitatu, vilipimwa kwa kipimo kimoja! Kodi ya namna hiyo haimfundishi mwenye kiwanda kitu chochote. Apunguze sukari, atalipa vile vile. Aiongeze, atalipa vile vile. Kwa hiyo swali letu si kodi iwe au isiwe, maana twailipa. Twauliza yapimwe nini, lita au sukari.

Ndugu zetu wa mashamba ya miwa na viwanda vya sukari, kutoka Muhoroni hata Nzoia, wataogopa. Tena wameteseka kiasi cha kutosha, kwa mishahara iliyochelewa na viwanda vilivyofungwa. Kwao twasema hivi. Sukari inayotiwa katika soda ni ile nyeupe iliyosafishwa sana kwa kazi ya viwanda, na hiyo huagizwa kutoka ng'ambo. Sukari ya miwa yetu huuzwa zaidi kwa chai za nyumbani. Kwa hiyo gramu inayoondolewa katika chupa si lazima iwe gramu ya mkulima wa Chemelil. Lakini wenzetu wa viwanda vya soda na madereva wao, hao jambo lawahusu hasa, na hatutaki waambiwe habari zao kwa redio.

Na chai je? Mwanachama mmoja, mama wa ofisi ya tikiti, alituuliza kwa upole kwamba mhariri mwenyewe hutia vijiko vinne katika kikombe, naye atatozwa na nani? Hatukuwa na jibu. Siku hizi tunatia viwili, nao bado wanatuchungulia.

Lakini sababu kubwa ya soda, ndugu, hamkuitaja katika barua zenu ingawa mwaijua. Ni maji. Katika yadi moja, ambayo hatutaitaja, bomba la kunywa limekauka tangu msimu wa mvua uliopita. Pipa liko, lakini halina kifuniko, na watu wameumwa tumbo. Chupa ya maji dukani langoni huuzwa karibu na bei ya soda. Basi mtu mwenye shilingi chache, mwenye kiu na njaa pamoja, atachagua nini? Atachagua chupa yenye nguvu ndani yake, na hata sisi tungefanya hivyo. Kumtoza mtu huyo zaidi bila kumpa maji ni kumpiga kwa sababu ana kiu.

Kwa hiyo halmashauri ya uhariri yakubali kodi ya sukari, lakini si kodi yoyote tu. Ipimwe kwa gramu, na wenye viwanda wapewe muda wa kupunguza sukari kama walivyopewa wa Uingereza, kusudi mzigo uwafikie wao kabla haujatufikia sisi. Maji ya kunywa yaondolewe katika ushuru huo kabisa. Fedha zake zihesabiwe peke yake, na taarifa itolewe kila mwaka kwa maneno ambayo mtu aliyesoma hata darasa la saba ataielewa, ni shilingi ngapi zimekwenda kupima sukari katika damu na ni shilingi ngapi zimekwenda kwa mabomba ya shule. Zikimezwa katika mfuko mkubwa wa serikali, tutakuwa wa kwanza kusema tulidanganywa. Vyama vya wafanya kazi viitwe mezani wakati wa kuandika, si baada ya kutia sahihi.

Na kwa mwajiri wetu madai hayahitaji sheria ya Bunge. Maji safi ya kunywa katika kila mahali pa kazi, saa nzima ya kula isiyokatwa, na kantini ipike githeri na uji badala ya kuuza mkate na soda tu. Kupima sukari na damu mara moja kwa mwaka, kwa saa za kazi, bila mtu kufukuzwa kwa yale yatakayoonekana. Hili la mwisho twalitilia mkazo, kwa maana tumesikia wengine wanaogopa kupimwa wasije wakaambiwa hawafai tena kuendesha.

Makatibu wa matawi, twaomba kitu kimoja kabla ya mkutano ujao. Hesabuni mabomba ya maji ya kunywa katika sehemu zenu, yanayotoa maji na yaliyokauka, mwandike na umbali kutoka mahali watu wanapofanya kazi hadi bomba lililo karibu. Andikeni na bei ya chupa ya maji na bei ya soda katika duka la karibu. Karatasi moja yatosha, hata kwa kalamu ya risasi. Tutazichapa zote katika toleo lijalo, tawi kwa tawi, na nakala itapelekwa kwa mwajiri siku hiyo hiyo.