Jina la Smith: Asili Yake na Maana Yake

Wasomaji wetu, khasa nyinyi vijana mnaosoma Kiingereza, hapana shaka mmekwisha kulikuta jina la Smith mara nyingi, katika vitabu, katika magazeti na katika khabari za michezo. Limezidi hata mtu hudhani kuwa akina Smith ni kabila moja kubwa lenye babu mmoja. Sivyo hata kidogo. Mwezi huu tutaeleza jina hili lilivyotoka, lina maana gani, na kwa sababu gani limewaenea watu wengi kuliko jina jingine lolote la ukoo katika Uingereza na Marekani.

Maana yake ni nyepesi. Smith ni mhunzi, mfua chuma. Ni neno la Kiingereza cha kale, na ndugu zake wamo katika lugha zilizo jamaa na Kiingereza. Wajerumani husema Schmidt. Wako wanaodai kuwa neno hili limetokana na neno jingine la Kiingereza lenye maana ya kupiga, kwa kuwa kazi ya mhunzi ni kupiga nyundo. Maneno hayo ni matamu kusikiliza, lakini wataalamu wa lugha hawayakubali. Wao husema kuwa shina lake la zamani ni kuchonga na kufanya kazi kwa chombo chenye makali, na mpaka leo watu wa Iceland hulitumia neno lao la namna hiyo hata kwa seremala.

Zama za kale Waingereza hawakuwa na majina ya ukoo. Kijiji kilikuwa kidogo, na jina moja lilimtosha mtu. Mambo yaligeuka baada ya Wanormani kuvuka bahari na kuitwaa nchi hiyo mwaka wa 1066. Walikuja na majina yao, kama William, Robert na Richard, na watu wakayashika majina machache hata kijiji kimoja kikawa na akina William watano au sita. Basi karani wa kodi angefanya nini? Ilimbidi kuwapambanua. Huyu akamwandika William mwana wa Robert, huyu William wa mtoni, huyu William mfupi, na yule mwenye nyundo na fuawe akamwandika William mhunzi.

Sisi watu wa mwambao hatupati taabu kulifahamu jambo hili, kwani nasi twasema Juma bin Hamisi, na twasema Ali Fundi. Lakini iko tofauti moja kubwa. Bin yetu hubadilika kwa kila kizazi; mwana wa Juma huwa bin Juma. Majina ya Waingereza yaliganda. Mwana wa mhunzi aliitwa Smith ingawa yeye mwenyewe husaga unga, na mjukuu wake akaitwa Smith ingawa hajapata kushika nyundo maisha yake. Wenye ardhi na mali ndio walioanza, kisha wakafuata watu wa chini. Daftari za kodi ya kichwa zilizoandikwa mwaka wa 1377, 1379 na 1381 zimejaa majina ya namna hii, na ulipofika mwaka wa 1400 hivi wengi katika Uingereza walikuwa nayo.

Sasa, kwa nini Smith limeyashinda majina mengine yote? Jawabu lililo rahisi ni kusema kuwa wahunzi walikuwa wengi. Ukilitazama vizuri, jawabu hilo halisimami. Waliokuwa wengi ni wakulima na wachunga kondoo. Lau majina yangefuata wingi wa watu, basi Uingereza leo ingejaa watu waitwao Mkulima.

Siri yake ni kinyume cha hivyo. Katika kijiji chenye watu mia wanaolima, kumwita mmoja wao mkulima hakumpambanui na jirani yake. Mhunzi, aghlabu, alikuwa mmoja tu. Ukisema mhunzi, kila mtu alijua umemkusudia nani. Na wala hapana aliyeweza kukaa bila yake, kwani ndiye aliyetengeneza jembe na plau, ndiye aliyepigilia chuma katika kwato za farasi, ndiye aliyefua kisu, ufunguo na bawaba ya mlango. Kila kijiji kilikuwa na haja naye, na kila kijiji kilimwita kwa kazi yake. Vijiji vilikuwa maelfu. Basi jina ambalo katika kila mahali lilikuwa la mtu mmoja, ndilo lililokuwa la watu wengi kuliko yote yalipokusanywa pamoja. Katika Uingereza leo akina Smith ni zaidi ya laki tano, na jina lililowekwa ili kumpambanua mtu limekuwa halimpambanui tena.

Wala jambo hili si la Waingereza peke yao. Wafaransa wana Lefebvre, Wapoland wana Kowalski, Warusi wana Kuznetsov, na yote ni mhunzi. Waarabu wana Haddad, jina ambalo wasomaji wetu walijua sana kwa ajili ya Ratibu ya Haddad.

Hata hivyo, usidhani kuwa kila Smith babu yake alikuwa mhunzi. Mwaka wa 1465 ilitungwa sheria katika Ireland, sehemu iliyokuwa chini ya Waingereza, kuwaamuru Waairishi wa huko waache majina yao na kushika ya Kiingereza: la mji, au la rangi, au la kazi kama Smith, au la cheo. Baadaye wengi waitwao Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi kwa lugha yao, waliandikwa Smith. Na huko Marekani akina Schmidt wengi walijigeuza kuwa Smith, khasa wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918, ilipokuwa jina la Kijerumani ni balaa kwa mwenye nalo.

Hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka wa 2010 ilikuta akina Smith 2,442,977, na katika kila mia moja, kiasi cha 23 walikuwa watu weusi. Ndiyo maana jina hili moja twaliona limekaa juu ya watu walio mbali mbali kabisa. Ian Smith, ambaye baba yake alitoka Scotland, ndiye aliyejitangazia utawala huko Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965 ili Waafrika wasitawale nchi yao. Miaka mitatu baadaye, mjini Mexico, Tommie Smith, Mmarekani mweusi, alishinda mbio za mita 200 kwa sekunde 19.83, kisha akasimama penye kutunukiwa medali, ameinamisha kichwa na kuinua ngumi juu. Hapana aliyewadhania kuwa ni ndugu.

Weusi hao walilipataje? Katika hesabu za 1850 na 1860 wengi wa watumwa hawakuandikwa jina lolote. Waliandikwa umri, na mume au mke, na rangi, chini ya jina la mwenye kuwamiliki. Walipokuwa huru wengine walishika jina la bwana wao, wengine walijichagulia.

Yuko mmoja aliyetangulia kabla ya hao, na khabari zake alizisimulia mwenyewe zikachapwa mwaka wa 1798. Aliitwa Broteer Furro, mwana wa mfalme katika Afrika ya Magharibi. Alitekwa angali mtoto, akanunuliwa kwa galoni nne za pombe na kipande cha kitambaa. Aliyemnunua alimpa jina la Venture, yaani biashara ya kubahatisha, kwa sababu alimnunua kwa mtaji wake mwenyewe. Huko Connecticut alipita mikononi mwa mabwana kadhaa. Alikata kuni, alivua samaki, akaweka akiba senti kwa senti, na mwaka wa 1765 akammalizia bwana wake wa mwisho, Oliver Smith, pauni 71 na shilingi 2, akawa huru. Akashika jina la bwana huyo. Kisha akawanunua wanawe wawili wanaume, kisha mkewe Meg, kisha binti yake.

Alikufa mwaka wa 1805. Kaburi lake liko East Haddam, katika Connecticut, na jiwe lake bado lasomeka. Limeandikwa Venture Smith, Mwafrika. Ya kuwa alikuwa mwana wa mfalme, akaibwa na kuuzwa mtumwa, na kwa jasho lake akapata fedha za kununua uhuru wake.