Mtoto Anapokwenda Kusoma Ng'ambo: Si Kila Kimya Ni Adabu



Mwezi uliopita mama mmoja, mke wa askari, alinisimamisha njiani akaniuliza swali. Mwanawe amechaguliwa kwenda kusoma kwa muhula mmoja katika chuo kikuu cha nchi ya Uswidi, naye akataka kujua amtilie nini katika sanduku. Nilimwambia kwamba koti zito asihangaike kulitafuta Owino, kwani huko kuna maduka ya nguo zilizokwisha kuvaliwa, na wenyeji wanaijua baridi yao kuliko sisi. Nilimwambia pia asimjaze noti mfukoni, kwa sababu maduka mengi ya Uswidi siku hizi hayapokei fedha taslimu. Watu hulipa kwa kadi. Alinishukuru akaenda zake.

Nilipofika nyumbani nikatambua kwamba nimemjibu la sanduku, nikaliacha la mtoto. Leo basi nataka kulijibu hilo lililobaki, kwa faida yake na ya wazazi wengine ambao watoto wao wataitwa kesho.

Kwanza yafaa ifahamike maana ya mwanafunzi wa kubadilishana. Huyu hahami chuo. Jina lake hubaki katika daftari la chuo cha kwao, akaenda kusoma ugenini kwa muhula mmoja au miwili kwa mapatano ya vyuo viwili, kisha akarudi na alama zake. Huko Uswidi, tangu mwaka 2011 wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya hutozwa ada ya masomo, lakini anayekwenda kwa mapatano ya kubadilishana hatozwi. Mpango wa Erasmus, ulioanzishwa mwaka 1987 kwa ajili ya nchi za Ulaya zenyewe, baadaye ulifungua mlango hata kwa vyuo vya Afrika.

Wala jambo la kuvuka mpaka kwa ajili ya elimu si geni kwetu. Baina ya mwaka 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa matawi ya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Aliyetaka udaktari alikuja Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alipanda gari kwenda Dar es Salaam. Wazee wetu waliutambua ugeni. Lakini ugeni wa jirani una lugha ya kuombea maji. Ugeni wa mbali una mambo mengine, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza kwa kisa cha binti mmoja ninayemfahamu vema.

Baba yake ni sajini wa polisi, jirani yangu wa miaka mingi. Binti huyu alilelewa katika nyumba za askari, mahali ambapo mtoto husimama mkubwa anapoingia, hasemi mpaka aulizwe, na jibu lake la kwanza ni "ndiyo." Walimu wake wote walimsifu kwa nidhamu. Kwa sifa hiyo, pamoja na alama nzuri, alichaguliwa kwenda katika mji mmoja wa Uswidi mwishoni mwa mwezi wa Agosti.

Siku ya mhadhara wa kwanza, ratiba ilionyesha namba 10, yaani saa nne asubuhi. Binti alifika saa nne kamili, akakuta ukumbi mtupu. Alisimama dakika kumi. Watu wawili watatu walipita, naye aliona haya kuwauliza. Akadhani mhadhara umehamishwa, akarudi chumbani. Kumbe katika vyuo vya Uswidi, hasa vile vya kale kama Uppsala, kilichoanzishwa mwaka 1477, na Lund, kilichoanzishwa mwaka 1666, iko desturi ya robo saa: kipindi kilichoandikwa saa kamili huanza dakika kumi na tano baadaye. Kila mwanafunzi wa huko analijua jambo hili, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni. Swali moja tu lingemwokolea mhadhara mzima.

Jambo la pili lililomshangaza ni majina. Waswidi humwita mhadhiri kwa jina lake la kwanza, hata akiwa profesa mwenye mvi. Desturi hiyo ilienea katika miaka ya sitini. Mara nyingi hukumbukwa mwaka 1967, pale Bror Rexed, aliposhika ukuu wa idara ya taifa ya afya, alipowatangazia watumishi wake kwamba atamwita kila mmoja kwa jina lake la kwanza. Kwa binti wetu, kumwita mtu wa umri wa babu yake kwa jina tupu kulikuwa kama kumtukana. Basi akachagua njia aliyoiona salama: akawa hamwiti kabisa, wala hamwendei.

Tena vipindi vilikuwa vichache. Kwa kawaida huko mwanafunzi husoma kozi moja kwa majuma kadhaa, anafanya mtihani wake, ndipo anaanza nyingine. Huenda kwa juma akawa na mihadhara michache tu, na siku nyingine zikawa wazi. Mgeni hudhani amepewa mapumziko, kumbe saa zile ni za kusoma peke yake, na anatazamiwa kufanya kazi juma zima kama mtu aliyeajiriwa. Hilo binti alilitambua mapema. Alisoma sana. Kitabu cha kozi ya pili alikisoma mara mbili, akaandika maelezo yake katika daftari kwa mwandiko safi.

Ikaja semina. Watu kumi na wawili walikaa kuizunguka meza moja, na mhadhiri akasema, "Haya, tuzungumze." Wengine wakazungumza, hata ambao ilikuwa dhahiri hawakukimaliza kitabu. Binti akangoja aitwe. Kwao mwalimu hunyosha kidole, na mwanafunzi husimama akajibu. Huko hakuna aliyenyosha kidole. Semina ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili, na ya tatu. Kozi ilipomalizika akapewa alama ya U, ambayo maana yake ni kwamba ameshindwa. Pembeni iliandikwa kwamba hakushiriki katika mazungumzo yaliyokuwa sehemu ya mtihani.

Angalieni basi jinsi mambo yalivyopindana. Kimya ambacho kwetu humaanisha "nakuheshimu, mwalimu wangu," mhadhiri alikisoma kama "sikusoma kitabu chako." Na binti naye alikuwa akikosea kusoma kimya cha wenyeji. Katika basi aliona watu wanakaa mbali naye, hawamsalimu wala hawamwulizi habari, naye akaamini moyoni kwamba wanamchukia. Hakuangalia kwamba wenyewe kwa wenyewe pia hawasalimiani katika basi, na kwamba kwao kumwacha mtu na nafasi yake ni namna ya kumstahi. Hivyo pande mbili zilikaa kimya, kila upande ukiudhania mwenzake vibaya.

Juu ya hayo likaja giza. Sisi tulio karibu na mstari wa Ikweta tumezoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Katika mji wa Uppsala, katikati ya Desemba, jua huchomoza karibu na saa tatu asubuhi na kutua kabla ya saa tisa alasiri, na mwanga wake haufiki hata saa sita. Mtu anayelala mchana kwa huzuni huenda akapitisha siku nzima bila kuliona jua. Binti alianza kulala mchana. Chakula alikuwa akikila peke yake chumbani, ingawa jiko lilikuwa la wote, kwa kuogopa kuwakuta wenziwe.

Na nyumbani aliandika nini? Kila Jumapili ujumbe wake ulifika katika simu ya baba: "Baba, mimi mzima, masomo yanaendelea vizuri." Hakupenda kuwatia wazazi wasiwasi, wala kuwaaibisha mbele ya majirani waliokuja kumwaga. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Aliyegundua ni baba. Sajini huyu kwa miaka mingi amechukua maelezo ya watu kituoni, na aliona kwamba majuma matano mfululizo mwanawe ameandika maneno yaleyale bila kubadili hata moja. Akampigia. Badala ya kumwuliza kama ni mzima, alimwuliza, "Jana ulikula nini, na ulikula na nani? Leo umezungumza na watu wangapi?" Binti akanyamaza, kisha akalia, na yote yakatoka.

Maneno aliyomwambia mwanawe alinisimulia mwenyewe. "Mwanangu," alisema, "nilikufundisha kutii, lakini nadhani sikukumaliza. Askari anapopewa amri kwa redio huirudia, ili aliyeitoa ajue kwamba imesikika sawasawa. Asipoisikia vema husema irudiwe. Yule anayejibu 'ndiyo afande' na hali hakuelewa, siku moja atawafikisha wenzake pabaya. Kuuliza ni sehemu ya nidhamu. Kesho nenda kwa mwalimu wako ukamwambie ulivyoniambia mimi."

Alikwenda. Mhadhiri alistaajabu, kwani hakujua kamwe kwamba kitabu kilikuwa kimesomwa. Akamweleza kwamba anayeshindwa ana haki ya kujaribu tena, akampa kazi ya kuandika ili kufidia semina zile. Binti alipata G, yaani amefaulu. Hakupata VG, ile ya juu. Katika kozi iliyofuata alijiwekea sharti la kusema neno moja katika kila semina, hata kama ni swali. Akaanza kula jikoni. Nchi haikubadilika, na giza lilibaki lilelile, lakini muhula ukaisha akiwa amesimama.

Wasomaji wangu, sisemi kwamba adabu zetu ni mbovu na za wenzetu ni bora. Binti amerudi, na anawasalimu wakubwa kama zamani. Nisemalo ni kwamba adabu nayo ina lugha, na ugenini yahitaji kufasiriwa. Mzazi anayemfunga mtoto sanduku na amfunge na haya yafuatayo.

Kwanza, kabla hajaondoka mzoezeni kuuliza. Mpelekeni benki, ofisi ya pasipoti au hospitali, mkae nyuma, yeye ndiye aseme. Karatasi zenyewe zitamlazimu: anayekwenda kukaa Uswidi zaidi ya miezi 3 hana budi kupata kibali cha ukaazi kabla ya safari. Mwacheni aifuatilie kazi hiyo yeye mwenyewe.

Pili, mwambieni kwamba vyuo vya huko vina watu waliowekwa kwa ajili ya maswali: mshauri wa masomo, mtumishi wa wanafunzi wa kigeni, na huduma ya afya ya wanafunzi, ambayo hupokea hata mwenye huzuni asiye na homa. Kuwaendea si kushtaki wala kuomba sadaka.

Tatu, aulize mapema sheria za kuandika kazi. Kunakili maneno ya kitabu au ya mwenzako bila kusema yametoka wapi ni kosa kubwa. Adhabu yake huweza kuwa onyo, au kusimamishwa masomo kwa muda usiozidi miezi 6. Kwa aliyekwenda kwa muhula mmoja, miezi 6 ni safari nzima.

Nne, ajiunge na watu. Uppsala kuna vyama 13 vya wanafunzi viitwavyo "mataifa," vyenye majina ya sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Huko watu hula kwa bei nafuu, huimba na kucheza pamoja. Waswidi wasiosema katika basi husema sana wakiwa na kazi ya kufanya pamoja. Na wakati wa baridi atoke nje adhuhuri kila siku, jua likiwapo, hata kwa nusu saa.

Tano, na hili ni letu sisi tunaobaki: tubadili maswali. "U mzima?" lina jibu moja tu, nalo mtoto mwenye heshima atalitoa hata akiwa kitandani. Ulizeni amekula nini, amecheka na nani, jambo gani juma hili hakulielewa. Tena mwambieni wazi, kabla hajapanda ndege, kwamba habari mbaya inapokewa katika nyumba hii sawa na njema.

Mama yule aliyenisimamisha njiani, kama unausoma ukurasa huu, mtilie mwanao sanduku jinsi tulivyosemezana. Kisha jioni moja mkalishe, umwambie hayo ya tano. Hayana uzito wa kilo, na uwanja wa ndege hawatayapima.

Hadi juma lijalo, nawatakia nyumba zenye amani.