Fundi, pima kwanza!

Jamani, nimechoka na mafundi wa kubahatisha! Subaru WRX imefungwa injekta kubwa. Sasa asubuhi haiwaki hadi uibembeleze, na ukikanyaga mafuta inasita. Fundi anabadilisha plagi. Kesho koili. Keshokutwa pampu. Mwenye gari analipa tu.

Injekta ya mililita 1000 kwa dakika humwaga karibu mara mbili ya ile ya 550 kwa muda uleule, na kompyuta ya gari haijaambiwa. Injini ikiwa baridi, sensa ya oksijeni bado haisaidii kusahihisha, basi plagi zinalowa petroli. Hata mpya zitalowa vilevile!

Chomeka skana, pima presha ya petroli, kisha rekebisha programu ya injini. Sisi programu ikigoma hatukimbilii kununua kompyuta mpya. Tunasoma logi kwanza.