Yai Linalobaki: Kichocho, Kinga ya Mwili na Hesabu Zetu

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimekaa Jaws Corner hapa Mji Mkongwe nikisubiri kahawa. Mazungumzo yalikuwa yale yale ya kila siku: bei za vyakula, uchaguzi, na nani kahamishiwa wizara gani. Mtumishi mmoja wa serikali, mtu ninayemheshimu na ambaye niliwahi kumfundisha, akasema kwamba angalau jambo moja tumelimaliza katika visiwa hivi, nalo ni kichocho. Waliokuwapo barazani wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu fupi. Makala haya ndiyo jibu refu.

Nianze kwa kumpa haki yake. Katika miaka ya 1980 zilikuwapo skuli za Pemba ambazo zaidi ya nusu ya watoto wake walikuwa na kichocho, na mashamba ya Unguja hayakuwa mbali sana na hali hiyo. Kisha ikaja dawa ya prazikwanteli, vidonge vikubwa vichungu ambavyo kila aliyesoma skuli za shamba anavikumbuka. Kuanzia mwaka 2012, Wizara ya Afya pamoja na washirika wa ndani na nje ilitekeleza mpango uliojulikana kwa kifupi kuwa ZEST. Dawa ziligawiwa mara mbili kwa mwaka, maskulini na majumbani. Katika baadhi ya shehia konokono walipigwa dawa kwenye vijito. Katika nyengine watoto walifundishwa hatari ya maji, na yakajengwa majukwaa ya kufulia na vyoo vya kukojolea. Maambukizi yalishuka hadi kiwango ambacho wazee wetu wasingekiamini. Hayo ni mafanikio ya kweli, na mimi ni miongoni mwa watu wasiopenda kuidharau kazi ya serikali inapofanywa vyema.

Lakini mimi pia ni mtoto wa Mwera. Tulipokuwa wadogo mto ule ulikuwa kila kitu: bafu letu, uwanja wetu, mahali pa mama zetu kufulia na dada zetu kuteka maji. Kukojoa damu hakukutushtua. Baadhi yetu tulidhani ni dalili ya ukubwa, na aliyechelewa kuiona alichekwa. Watoto wa Mji Mkongwe hawakuijua hali hiyo, wala si kwa sababu walikuwa na miili bora kuliko yetu. Mji ulipata maji ya bomba tangu zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kuyaleta maji ya chemchemi ya upande wa Bububu hadi mjini. Mashamba yaliachiwa mito. Ukiitazama ramani ya kichocho ya Unguja, yaani Mwera, Kinyasini, Chaani na vijito vya karibu nao, utaona kwamba maradhi haya yamefuata maji yasiyo na bomba. Kusini, kwenye ardhi ya mawe ya Makunduchi na Jambiani, maambukizi hayajapata mizizi, kwa sababu konokono wa huko si wa aina inayombeba mdudu.

Sasa tuingie mwilini. Mimi si tabibu. Udaktari wangu ni wa vitabu. Nimeyasoma haya na kuwauliza wenzangu wa fani za afya, kwa sababu naamini kwamba siasa ya maradhi haieleweki kwa mtu asiyejua maradhi yanavyofanya kazi.

Mnyoo wa kichocho cha kwetu, Schistosoma haematobium, huishi na mwenzake, dume akimkumbatia jike, ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu cha mkojo. Huweza kukaa humo kwa miaka. Mtu angetarajia kwamba kiumbe mgeni, mwenye urefu wa sentimita moja hivi na anayeishi katikati ya damu, angeshambuliwa mara moja na kinga ya mwili. Hashambuliwi vya kutosha, kwa sababu hujivika molekuli za mwenyeji wake. Ni kama mgeni aliyevaa kanzu na kofia yetu, akapita vichochoroni bila ya mtu kumuuliza anakwenda wapi.

Mayai yake hayana ujanja huo. Jike hutaga makumi, pengine mamia, kila siku, na kila yai hulazimika kupenya ukuta wa kibofu ili litoke na mkojo na kuwahi maji ya mto. Karibu nusu ya mayai hayafiki. Hunasa katika ukuta wa kibofu, katika mirija ya figo na katika viungo vya uzazi, na kutoka humo huvujisha kemikali zake. Hapo kinga ya mwili huamka kwa nguvu zake zote. Seli T hupiga mbiu. Eosinofili na makrofaji hukusanyika na kulizingira yai katika kijivimbe kinachoitwa granuloma. Pembeni yake hutokea kile ambacho wataalamu hukiita inflamesheni: joto, wekundu, uvimbe na mishipa midogo inayopasuka na kutoa damu. Ile damu tuliyoichekea utotoni ilikuwa ikitoka katika mapambano hayo. Kiumbe kilichomo ndani ya yai hufa baada ya wiki tatu hivi, lakini ganda lake hubaki, hugeuka chokaa, na mwili huendelea kulijibu kwa miaka. Palipowaka huota kovu. Ukuta wa kibofu huwa mzito, mirija ya figo hubana, mkojo hurudi nyuma na kuzidhuru figo. Na mahali panapowaka na kujitengeneza bila ya kupumzika, seli huweza kukosea; ndiyo maana tangu 1994 mnyoo huyu amewekwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu.

Msomaji atauliza: kwa nini basi tusiizime hiyo kinga? Kwa sababu bila yake hali huwa mbaya zaidi. Katika majaribio ya panya walioambukizwa jamaa wa mnyoo huyu, yule wa utumbo, wale walionyimwa seli T hawakuwa na vivimbe vikubwa, lakini sumu ya mayai iliwaharibu maini na wakafa mapema. Panya pia walituonyesha kwamba prazikwanteli haiui peke yake vizuri: humvua mnyoo vazi lake, kisha kinga ya mwili humalizia kazi. Askari yule yule anayetutia makovu ndiye anayeisaidia dawa. (Mwanafunzi wa siasa atavutika kulinganisha na dola inayovunja nyumba za raia kwa kumtafuta mgeni mmoja. Nitajizuia.)

Sasa turudi kwenye hesabu zetu. Kipimo kinachotumiwa duniani kusema kwamba kichocho si tatizo tena la afya ya jamii ni hiki: wenye maambukizi mazito wawe chini ya asilimia 1. Na maambukizi mazito ya kichocho cha mkojo maana yake ni mayai 50 au zaidi katika mililita 10 za mkojo. Ni kipimo cha busara kwa anayetaka kujua kama dawa zinafanya kazi. Lakini angalia kinahesabu nini. Yai tunalolihesabu ni lile lililotoka. Yai linaloumiza ni lile lililobaki.

Tofauti hiyo si ya maneno. Katika miaka ya 1990, watafiti waliwachunguza waosha magari wa Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, ambao walikuwa na kichocho cha utumbo. Wale waliokuwa pia na VVU, ambao kinga yao ilikuwa imeshuka, walitoa mayai machache kuliko wenzao. Minyoo waliendelea kutaga. Kilichopungua ni uvimbe wenyewe unaolisukuma yai litoke nje. Kwa maana nyengine, hata idadi tunayoisoma chini ya hadubini inategemea kinga ya mtu anayepimwa. Na katika wilaya ya Mwanga, Kilimanjaro, watafiti walikuta wanawake wenye mayai katika shingo ya kizazi ambao mkojo wao haukuwa na yai hata moja. Kwa hesabu zetu, wanawake hao ni wazima.

Hapa ndipo penye kisa kilichonifanya ninyamaze barazani. Binti wa mama yangu mdogo, ambaye ni dada kwangu, alikua nami Mwera. Miaka mingi baada ya kuolewa akapatwa na maumivu ya nyonga, uchafu ukeni, na damu baada ya kukutana na mumewe. Alikwenda kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, akapewa dawa za maradhi ya zinaa. Akarudi, akapewa tena. Mara ya tatu mhudumu alimwambia amlete mume, na akalisema hilo kwa sauti iliyosikika hadi kwenye benchi la wanaosubiri. Mume naye akataka kujua alikoyatoa. Ndoa ile haikuvunjika, lakini ilipita miaka ambayo si mimi wala yeye anayependa kuizungumza. Hakuna aliyewahi kumuuliza aliogea wapi utotoni.

Kichocho cha viungo vya uzazi vya mwanamke si jambo la nadra. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni ya wanawake na wasichana wapatao milioni 56 barani Afrika. Wataalamu wakitazama shingo ya kizazi huona madoa kama chenga za mchanga wa manjano. Hayo ni mayai na uvimbe unaoyazunguka. Ngozi ya ndani hapo huwa dhaifu, hutoa damu kirahisi, na hujaa seli ambazo VVU huzitafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka vijijini Zimbabwe ulionyesha kwamba wanawake wenye hali hii walikuwa na uwezekano wa kuwa na VVU takriban mara tatu ya wenzao. Watafiti hao hao waliona pia kwamba waliotibiwa kichocho utotoni walikuwa na nafuu, ilhali dawa iliyotolewa ukubwani haikuyaondoa madoa yale. Prazikwanteli humuua mnyoo mzima. Kovu hailifuti.

Ndiyo maana ugawaji wa dawa kwa watoto ni jambo la lazima, na yeyote atakayetumia makala haya kuupinga atakuwa amenisoma vibaya. Mtoto anayemeza vidonge leo anaepushwa na yaliyompata dada yangu. Lakini kizazi kilichokua kabla ya mipango hii kipo. Kina umri wa miaka 35, 45, 60. Ndio walimu, wakulima wa mwani, mama lishe, na wengine wamekaa ofisini wakiandika ripoti za mafanikio. Mnyoo wao huenda alikufa zamani. Uvimbe wao haujui kwamba mradi umefungwa.

Najua nitakayojibiwa. Fedha ni chache, na wafadhili hutoa kwa malengo yanayohesabika. Kovu la mwanamke wa Chaani halina safu katika jedwali. Hoja hiyo naielewa, nimeandika maombi ya ruzuku mara nyingi kiasi cha kujua namna jedwali linavyogeuka kuwa ukweli. Hata hivyo, ninachokiomba si hospitali mpya. Wanawake hawa tayari wanaingia vituoni: kwa uzazi wa mpango, kwa kliniki ya wajawazito, kwa uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi. Muuguzi anayetazama shingo ya kizazi kutafuta saratani anaweza kufundishwa kuyatambua madoa ya mchanga kwa jicho lile lile na taa ile ile. Fomu inaweza kuongezwa mstari mmoja unaouliza mgonjwa alikulia wapi na alitumia maji gani. Prazikwanteli inaweza kuwapo rafuni kwa mtu mzima anayeihitaji, badala ya kusubiri siku ya ugawaji. Na mafunzo ya wahudumu yaanze na jambo lisilogharimu kitu: kutomshutumu mwanamke kabla ya kumpima.

Kwa wanafunzi wangu wa utafiti, nadhani mmeshaiona mada inayosubiri mtu. Anayejua kutumia hadubini atafute kwa hadubini. Asiyejua, kama mimi, anaweza kwenda Kinyasini na daftari na kuwasikiliza wanawake wa rika la mama yake, kwa ruhusa ya sheha na kwa adabu ya shamba.

Mwaka jana dada yangu alikwenda kuchunguzwa saratani, akiwa na hofu kubwa. Aliyempokea alikuwa muuguzi kijana, wa umri wa kuzaliwa naye. Baada ya kumtazama alimfunika shuka vizuri, akakaa kwenye kiti, akamuuliza, "Mama, ulipokuwa mdogo mkiteka maji wapi?"

Dada yangu ananiambia kwamba alilia kabla ya kujibu.