Kuhama Mombasa: Bei ya simu si bei ya mlangoni

Kila mwisho wa mwezi ugomvi ni ule ule mitaani Mombasa: bei aliyotajiwa mpangaji kwa simu siyo anayodaiwa vyombo vikishapakiwa.

Wengi huuliza bei ya lori pekee, na lori ni sehemu tu ya gharama. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei mpya za mafuta kila tarehe 14, na nauli huzifuata. Anayetoka ghorofa ya nne isiyo na lifti atalipa wachukuzi zaidi. Katika vichochoro vya Mji wa Kale lori halifiki mlangoni; vyombo hutolewa kwa mkokoteni hadi barabara kubwa. Anayetoka kisiwani kwenda Likoni achague: foleni na ada ya feri, au mzunguko wa Dongo Kundu unaokula mafuta.

Basi mwenye kazi aje kwanza aone nyumba, kisha aandike bei kamili, idadi ya wachukuzi, njia, na nani atalipa kitu kikivunjika. Ukiweza, hama katikati ya mwezi, wateja wakiwa wachache. Kitanda kikishapanda lori, huna tena nguvu ya kubishana.