Amani ya Kusomewa

Kila uchaguzi ukikaribia Kenya, neno amani hupanda bei. Wafadhili humiminika, semina huitishwa hotelini, fulana nyeupe huchapishwa, na redio ndogo za mitaani, ambazo kwa miaka minne hakuna aliyeziuliza kama zimelipa umeme, ghafla hukumbukwa. Huletewa matangazo ya sekunde 30 yaliyorekodiwa tayari: kijana, usikubali kutumiwa, dumisha amani. Hupigwa asubuhi, mchana na jioni, kama dawa ya hospitali. Kura zikishahesabiwa pesa zinakwisha, na amani inarudishwa stoo.

Mimi nasema huu ni upuuzi. Tena upuuzi wa gharama.

Nieleweke, jamani. Sizipingi redio za jamii, nazitetea. Koch FM ilianzishwa na vijana wa Korogocho mwaka 2006, studio yao ikiwa ndani ya kontena. Mwaka uliofuata Pamoja FM ikaanza kusikika Kibera. Zote zilipewa 99.9, kwa mitambo midogo isiyofika mbali. Halafu uchaguzi wa Desemba 2007 ukaharibika na nchi ikawaka. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na ikanyoosha kidole kwa baadhi ya vituo vya lugha za mama kwa kuchochea chuki. Katika moto huohuo Pamoja FM ilikuwa inawasihi watu wa Kibera watulie, na wako waliosikiliza.

Kwa nini walisikiliza? Hapa ndipo wenye semina wanapopotea. Aliyekuwa anazungumza alikuwa mtu wao, anayechota maji kwenye kioski kilekile na kurukia mtaro uleule. Ukimpinga, unatembea dakika kumi hadi studio ukabishane naye uso kwa uso. Sauti ya namna hiyo haitengenezwi wiki mbili kabla ya kura. Inatengenezwa siku za kawaida, kwa kuzungumzia choo kilichofurika, basari iliyoliwa, chifu anayetaka kitu kidogo ili atie muhuri, na polisi wanaozoa vijana Ijumaa jioni ili wakajikomboe kituoni. Redio iliyoyakwepa hayo miaka minne, ikisema "tulieni" mwaka wa tano, ni nani atainyamazia kimya aisikilize?

Lakini mwambie mfadhili kwamba kipindi chako cha amani kitamhoji mkuu wa kituo cha polisi. Utasikia: hiyo ni siasa.

Na hebu tuliangalie hilo tangazo lenyewe. "Usikubali kutumiwa." Na nani? Tangazo halisemi. Anayetuma ana jina, ana gari, na mara nyingine ndiye mgeni wa heshima anayefungua semina. Anayeonywa ni yule anayetumwa, kana kwamba ujana wenyewe ndio ugonjwa. Vijana waliojaa barabarani Juni 2024 kupinga Muswada wa Fedha hawakuwa wanaulizana kabila. Kufikia 1 Julai mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Ni nani basi aliyehitaji kusomewa tangazo la amani?

Wakubwa nao dawa yao ni moja. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 25 Juni 2025, vijana wakiwa barabarani kuwakumbuka wenzao wa mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza vilevile, hadi Mahakama Kuu ilipoisimamisha amri hiyo. Hata historia ya redio hizi inaanza kwa kuzimwa: ile ya Homa Bay, ya mwanzo ya aina yake Afrika, ilifunguliwa 1982 kwa msaada wa UNESCO, na 1984 serikali ikaifunga.

Najua nitakachojibiwa. Ukimpa kijana mwenye hasira maikrofoni, atawasha moto. Haya, tuangalie nani aliuwasha. RTLM, iliyochochea mauaji ya Rwanda mwaka 1994, haikuwa redio ya vijana wa mtaani. Ilikuwa ya watu wa karibu na ikulu, wenye hisa na vyeo. Jirani yake, Burundi, Radio Publique Africaine ilipoanza 2001 iliajiri hata waliokuwa wapiganaji, Wahutu na Watutsi, ikawafanya waandishi wa habari katika chumba kimoja. Haikuwasomea amani, iliwapa kazi. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, ilichomwa moto. Redio inayosoma matangazo ya kutumwa hakuna anayehangaika kuichoma.

Sisemi kila anayepiga simu aachiwe atukane. Mtangazaji anahitaji kufundishwa jinsi ya kumkatiza mchochezi na kuuliza swali linalofuata bila kutetemeka. Mafunzo hayo ni kazi ya miezi, si ya siku mbili zenye chai na posho. Halafu mtu huyo alipwe! Wengi wa watangazaji hawa ni wa kujitolea, na sheria inaibana redio ya jamii kwenye matangazo ya biashara isipokuwa yale yanayolihusu eneo lake. Duka la mtaani litalipa shilingi ngapi? Kwa hiyo wanabaki kumngoja mfadhili na kanda yake, na aliyesomea kazi vizuri anahamia kituo cha biashara mjini mara tu anapopata nafasi.

Basi pesa hizo zije mwaka wa kwanza baada ya uchaguzi. Zilipe umeme, zilipe mishahara, zilipe kipindi cha kila wiki cha simu za wasikilizaji, bila maneno yaliyoandikwa kwingine. Na mfadhili akitaka ripoti, asihesabu tangazo lake limepigwa mara ngapi. Aulize mkuu wa kituo cha polisi amekaa studioni mara ngapi mwaka huu, na amejibu simu ngapi.